Kamera ya Mteja Mwaminifu

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Picha za paspoti tangu asubuhi. Wanachuo, wote wana haraka, nusu yao hawajachana nywele. Mwanahawa anaandikisha majina mlangoni, mimi napiga. Mchana betri ikazima mteja akiwa ameshakaa kwenye kiti na tabasamu amelitega. Nikaitoa, nikaipasha moto kwapani kama kawaida, ikaamka, nikapiga mtu na mwenzake, ikafa tena. Imevimba kama andazi.

Nimempigia simu kijana wa duka la wakala, Dar. Nimeomba betri. Betri tu. Akanijibu kwa adabu nyingi: shikamoo mzee, betri za kamera hiyo haziji tena, kampuni imeacha kuzitengeneza.

Kamera ina miaka mitatu. Bado naikumbuka harufu ya boksi lake.

Nimekasirika na bado nimekasirika. Nilipoanza kazi hii nchi haikuwa na kitu madukani. Mkanda mmoja wa picha uliusubiri mpaka ukasahau ulitaka kumpiga nani. Lakini kamera ilikaa. Ikaja ruksa, mipaka ikafunguliwa, nikanunua kamera ya kampuni hii, na tangu siku hiyo sijawahi kushika ya kampuni nyingine. Mwanahawa huiita mke mwenza. Sasa maduka yamejaa mpaka barazani, na kitu ninachokitaka kimoja hakipo.

Jumatatu, 6 Agosti

Kijana wa Dar kapiga mwenyewe. Mimi eti ni mteja mwaminifu, na kampuni ina mpango maalumu kwa wateja waaminifu. Nipeleke kamera yangu hata kama mbovu, niongeze kidogo, nipewe mpya kabisa, ya dijitali vilevile, na lenzi yake ndogo.

Nikamuuliza kuhusu lenzi zangu za zamani. Akasema zote zinaingia, mzee wangu, ondoa wasiwasi.

Mwanahawa hataki. Anasema hivyohivyo ndivyo walivyonichukulia kamera ya mkanda: lete ya zamani uchukue ya kisasa. Nikaipeleka, nikaja na hii ya dijitali, na leo ya dijitali nayo imekuwa ya zamani. Anasema bora nibaki nayo hata kama ni ya kupasha kwapani. Nikamwambia hajui mambo ya kamera. Akasema kweli hajui, ila anajua wachuuzi.

Sikupenda alivyosema. Nitakwenda.

Alhamisi, 9 Agosti

Dar na kurudi. Miguu imevimba.

Duka lina ubaridi wa kuumiza meno. Kijana kavaa tai, jina lake limebandikwa kifuani. Kaniita mzee wetu mbele ya watu wote, kaniletea soda. Akaichukua kamera yangu bila hata kuitazama, akaiweka chini ya meza. Hilo lilinichoma kidogo. Daktari mwenyewe humtazama maiti.

Nimepewa mpya, nyepesi kama ya plastiki, kwa sababu ni ya plastiki. Na kofia yenye jina la kampuni.

Lenzi yangu kubwa, ile inayopiga jioni bila flashi, niliiacha nyumbani kwa kuogopa wezi wa stendi Ubungo. Kwa hiyo hatukuijaribu. Nilimwamini.

Jumamosi, 11 Agosti

Naandika nikiwa na hasira, mwandiko utasamehewa.

Kadi za picha za zamani haziingii. Tundu lake dogo, kadi zangu kubwa. Printa yangu ya paspoti inasoma zile kubwa tu, hivyo nayo imekuwa ya kuwekea kikombe. Kitabu cha maelezo hakimo kwenye boksi, kimo kwenye diski. Sina kompyuta. Nikaenda kwa jirani wa stationari, diski ikafunguka, kurasa zote ni Kiingereza cha mafundi.

Yote hayo ningeyameza. Lakini lenzi.

Lenzi yangu imeingia. Kijana hakusema uongo. Imeingia, ikalia "tak" vizuri, na baada ya hapo hakuna. Haijivuti kutafuta fokasi. Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi. Nikapiga simu. Eti kwenye kamera za daraja hili mota ya kuizungusha lenzi imeondolewa, sasa mota inakaa ndani ya lenzi mpya. Lenzi mpya zipo. Kwa mteja mwaminifu kuna punguzo.

Kwa hiyo wamenitolea kitu mwilini mwa kamera ili wakiuze peke yake. Nikamwambia mbona hukuniambia. Akasema, "Mzee, uliniuliza kama zinaingia."

Nimekata simu. Mwanahawa kaweka kikombe chake juu ya printa. Afadhali angenicheka.

Jumanne, 14 Agosti

Mzee Kimirei kaja studio. Huyu ni Mmaasai wa nyuma ya Kabuku, ng'ombe wake wanajulikana toka Segera mpaka Mkata. Ana majivuno yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama kiti cha baraza, akamtania Mwanahawa kwamba sisi Wazigua tunafuga kuku ndiyo maana usingizi wetu mdogo. Nikamwamkia, nikangoja.

Anagawa ng'ombe. Amechoka, kifua kinamsumbua, anataka kila nyumba ichukue sehemu yake angali hai ili wasije wakagombana. Watoto wake wametawanyika, wengine Kilindi, wengine mpaka Morogoro. Siku ya kugawa ni Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi. Baada ya hapo kundi halitakuwa kundi tena. Anataka picha moja, jioni ya Alhamisi, ng'ombe wanaporudi, yeye amesimama mbele yao.

Nimeshangaa. Miaka yote alikuwa akikataa. Ng'ombe hawahesabiwi, ndivyo walivyo watu wake. Mwenye ng'ombe anajua nani hayupo kwa kutazama tu, hahesabu, na hapendi mwingine amhesabie. Mtu akihesabu, ng'ombe wanapungua. Na picha ya kundi, alisema zamani, mtu yeyote anaweza kukaa nayo sebuleni akahesabu mpaka achoke.

Kilichombadilisha ni picha ya marehemu kaka yake. Niliipiga mimi, enzi za mkanda, jua linazama, vumbi limejaa, kwa lenzi hii hii kubwa ikiwa imefunguliwa mwisho. Uso wa mzee umetoka, kila kunyanzi. Nyuma yake ng'ombe wapo, pembe na migongo, lakini wamelainika, wamechanganyika na vumbi. Unajua ni wengi. Hujui ni wangapi. Kimirei kaiona kwa shemeji yake, akakaa nayo akilini. "Ile ndiyo nataka," akasema. "Wapo, lakini hawahesabiki. Na usiniwashie taa yako. Ng'ombe hawataki taa."

Nikasema sawa. Niliona aibu kumwambia kwamba kamera iliyopiga ile picha nimeitoa kwa hiari yangu, na iliyofuata vilevile.

Jumamosi, 18 Agosti

Harusi Mkumbara. Shaabani hii watu wanaoa kama wanafukuzwa.

Nimejaribu lenzi kubwa kwa kuvuta kwa mkono, kama zamani. Shida ni dirisha la kuchungulia. Kwenye kamera ya mkanda lilikuwa pana, ungeweza kuhamia. Hili ni kama tundu la ufunguo, na macho yangu yanakaribia sitini. Bibi harusi katoka, nazungusha pete ya lenzi, nazungusha, amepita, ameingia ndani, ndipo nikapata fokasi nzuri kabisa ya mlango.

Nikarudi kwenye lenzi ndogo waliyonipa. Hiyo inajivuta yenyewe, haina shida. Ila haina mwanga. Jioni ikigusa tu, kamera inaona giza, na flashi inajiinua yenyewe juu ya kichwa chake kama mtoto anayejua jibu darasani. Sijaiita. Inajiinua na kuwaka.

Tena lenzi ndogo inaonyesha kila kitu. Bibi harusi, mashangazi, sufuria, nzi. Vyote vikali sawasawa. Shangazi mmoja kaangalia kwenye kioo cha nyuma akasifu kwamba kamera hii inaona mpaka ukutani. Nilitamani kumnyang'anya.

Jumatano, 22 Agosti

Mazoezi uani, jioni tatu mfululizo. Nimemsimamisha Mwanahawa mbele ya kamba ya nguo. Kwa lenzi kubwa napata picha moja nzuri katika jioni nzima, nyingine zote uso una ukungu na kanga za nyuma zimetoka safi. Kinyume cha ninachotaka.

Nimegundua kitu kwenye gurudumu la juu. Kuna alama ya radi iliyokatwa mstari. Ukigeuza hapo flashi hailali tu, hairuhusiwi kuamka. Alama ya jirani yake ni ile ya kamera kujiamulia yote. Zimekaa bega kwa bega. Nimewaza kubandika utepe mwekundu. Sijapata utepe.

Mwanahawa kasema nimwambie Mzee Kimirei ukweli, atafute mpiga picha mwingine. Mwingine yupi? Wote mjini hapa wana vijikamera vya mfukoni. Na hii ni picha yangu. Nimeshasema sawa.

Alhamisi, 23 Agosti. Kabuku

Nimeshuka barabarani, nangoja kijana wa mzee anifuate na pikipiki. Jua kali. Nina lenzi zote mbili, kadi mpya, betri imejaa. Nimekula muhogo wa kuchoma.

Nina wasiwasi. Naandika tu ili muda upite.

Ijumaa, 24 Agosti

Imeharibika. Nitaandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nilifika bomani mapema. Kimirei alikuwa amevaa shuka mpya, fimbo mkononi, viatu vimepigwa rangi. Wanawe wote wamekuja. Saning'o, yule aliyenichukua na pikipiki, ni mlinzi Dar, ana simu ya kisasa na maneno ya mjini. Wake wa mzee wamekaa upande wa pili. Watu wote wanacheka cheka, lakini unaona macho yao yanakwenda kwenye njia ng'ombe watakayotokea. Ni siku ya mwisho, na wanajua.

Walipotokea, kwanza ni vumbi. Halafu kengele. Halafu wao. Sijui kuelezea vizuri. Mimi ni mtu wa kuku, lakini niliwatazama mpaka nikasahau kamera. Mzee akaenda kusimama mbele ya lango la boma, akawapa mgongo, akanitazama. Hakutabasamu. Alikuwa mzuri sana.

Nikaweka lenzi kubwa. Nikavuta. Ukungu. Nikavuta tena, sharubu zikaja, zikapotea. Machozi ya vumbi yanashuka ndani ya miwani. Ng'ombe hawangoji. Wa mbele walishaanza kumpita mzee huku na huku, na mwanga unashuka kila nikipumua. Nikaogopa. Nikasema moyoni, afadhali picha yoyote kuliko kutokuwa na picha. Nikaichomoa lenzi kubwa, nikaweka ndogo, nikageuza gurudumu kwenye radi iliyokatwa.

Nilifikiri ni kwenye radi iliyokatwa. Ilikuwa jirani yake.

Nikabonyeza, flashi ikainuka na kuwaka mara moja.

Ng'ombe wa mbele wakageuka wote kwa pamoja, wa nyuma bado wanakuja, wakakutana. Ukuta wa miiba upande wa kushoto ukaenda chini. Vijana wakakimbia wakipiga mluzi. Mtamba mmoja mwekundu akaanguka kwenye miiba, wenzake wakapita juu ya mguu wake. Mzee hakusogea. Walimpita kama maji. Nilidhani wamemuua, na nilikuwa nimesimama nimeshika kamera kifuani.

Waliwakusanya, ilichukua mpaka giza. Hakuna mtu aliyenitukana. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Halafu Saning'o, naye sidhani alikuwa na nia mbaya, akaniomba aone. Kioo cha nyuma kikawaka. Picha ilikuwa safi. Safi kupindukia. Mzee, lango, miiba, na kila ng'ombe kivyake, pembe zake, masikio yake, macho yote yamerudisha mwanga, mawili mawili, mpaka nyuma kabisa. Hakuna aliyejificha. Saning'o akasema, "Duh, mzee, hii mashine kiboko," na kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo. Moja. Mbili. Tatu. Hata hakujua anahesabu. Ni mazoea ya mjini tu, mtu akiona vitu anahesabu.

Kimirei alimpiga fimbo mkononi.

Akaja kwangu. Akaitazama picha muda mrefu. Nikaona kwamba aliipenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Aliitazama sura yake, viatu vyake, ng'ombe wake wote wamekuja kwenye kioo kidogo kama kiberiti. Halafu akasema, "Futa."

Nikamwambia mzee, naweza kukata upande wa nyuma. "Futa, Mhina." Nikafuta. Kamera ikaniuliza kama nina uhakika. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue imeniuliza kitu.

Asubuhi wamegawa. Sikupewa ruhusa ya kutoa kamera kwenye mfuko na sikuomba. Kila nyumba imeondoka na wake, vumbi moja limekwenda huku, lingine kule. Kimirei kabaki na wachache wa maziwa. Aliwaangalia mpaka wakaisha, akaingia ndani. Hakuniaga.

Jumatatu, 27 Agosti

Saning'o kapiga simu. Mtamba mwekundu mguu haukupona, wamemchinja. Alikuwa wa nyumba ya mke mdogo. Wanawake wanasema ni kwa sababu walihesabiwa. Saning'o anasema ni kwa sababu mguu ulivunjika. Anaongea taratibu, mkono wake bado umevimba. Ananiita baba, ana heshima, na sauti yake inaonyesha anajilaumu.

Nikamwambia asijilaumu. Mimi ni Mwislamu, siamini mambo ya kuhesabu. Lakini tangu Alhamisi sijahesabu kitu. Mwanahawa kaniuliza paspoti ngapi leo, nikasema za kutosha.

Mchana mzima nimefikiria nani wa kulaumiwa. Mimi, ndiyo. Nilisema sawa wakati si sawa, nikageuza gurudumu bila kuangalia. Nakubali. Lakini mbona mkono wangu haukuwahi kukosea kwenye kamera zile mbili za kwanza? Kwa sababu nilizijua gizani. Nilizijua kama njia ya chooni. Hawa watu wanakaa mahali, na ubaridi wao, wanaamua kwamba mtu akishaizoea kamera yake, huo ndio wakati wa kumpokonya. Maana aliyezoea hanunui. Na ili awape mwenyewe kwa mikono yake wanamwita mwaminifu.

Neno zuri vile. Nililipenda, sikatai. Nilivaa na kofia.

Alhamisi, 30 Agosti. Dar

Nimekwenda kuidai kamera yangu. Nimebeba hii mpya na boksi lake, na kofia.

Kijana yuleyule, tai nyingine. Nikamsimulia yote mbele ya wateja. Aliposikia habari ya ng'ombe akainama, nadhani alikuwa anacheka, au labda simtendei haki. Akaniambia pole mzee. Akasema tatizo langu linaeleweka na kampuni imelisikia kutoka kwa wateja wengi. Ndiyo maana kuna kamera nyingine sasa, daraja la juu kidogo, ambayo ina mota ndani. Lenzi zangu zote zitafanya kazi. Naweza kurudisha hii, nikaongeza, nikapewa hiyo.

Nilimtazama usoni kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Ameitoa mota, ameniuzia kamera isiyo na mota, sasa ananiuzia mota yangu mwenyewe. Na anaona amenisaidia.

Nikaomba ile ya kwangu. Tu. Ile mbovu, yenye betri ya kwapani. Akasema zilizorudishwa haziuzwi, zinakusanywa zinapelekwa kuharibiwa, ndiyo masharti. Nikachungulia chini ya meza. Boksi la karatasi limejaa kamera za watu. Yangu ipo juu. Niliijua kwa mkanda wake wa shingoni, Mwanahawa aliushona kwa kitambaa cha kitenge ule wa mwanzo ulipokatika. Nikasema hata kama inakwenda kuharibiwa, nipe. Hapana mzee. Nikasema inakwenda kuharibiwa, kwa hiyo hamuitaki. Hatuitaki mzee, ila haitoki.

Sijawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Wanaiharibu ili nisirudi nayo nyumbani. Kitu kizima, chenye mota yake, kinachojua kazi. Nilipandisha sauti. Mlinzi akasogea. Kijana akaona aibu, akasema mkanda naweza kuchukua, mkanda si mali ya kampuni.

Nikaufungua pale pale kaunta. Fundo limekaza kwa miaka. Watu wananiangalia. Nimeiacha kofia juu ya kaunta.

Nimerudi na kamera ileile mpya. Sina nyingine. Hilo wanalijua.

Jumanne, 4 Septemba

Tangazo jipya redioni asubuhi, kampuni ileile. Lete ya zamani. Nimezima redio, Mwanahawa kaiwasha tena kwa sababu alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo. Nikatoka nje.

Paspoti. Siku hizi nachapishia kwa jirani wa stationari. Umeme umekatika saa nne, ukarudi alasiri. Bado nina hasira, ila imeanza kuwa ya kila siku, kama maumivu ya goti.

Alhamisi, 6 Septemba

Mzee Kimirei kaja.

Nilipomwona mlangoni nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia shikamoo mzee. Akaitikia. Akasema ametoka hospitali kwa ajili ya kifua, na gari la Kabuku bado. Akasema, "Sijakusamehe. Nimekuja kwa kazi."

Nikasema sawa. Halafu nikakumbuka sawa yangu ya mara iliyopita, nikamweleza kila kitu. Kamera nilizozitoa, mota, gurudumu, macho yangu. Nikamwonyesha lenzi kubwa na jinsi inavyoingia bila kufanya kazi. Alisikiliza. Akaniuliza kama mwenye kampuni ana ng'ombe. Nikasema sidhani. Akasema basi ndiyo maana.

Anataka picha. Yeye peke yake. Nikamwekea kiti, akakataa kiti. Nikashusha pazia lenye mchoro wa ua, akasema liondolewe. Ukabaki ukuta mtupu, rangi ya udongo, na ufa wake. Akaenda kusimama pembeni kabisa, upande wa kulia, karibu na mlango, fimbo mkononi. Nikamwomba asogee katikati. Akakataa. "Nipige na huku kote," akasema, akaonyesha ukuta kwa fimbo, kuanzia begani kwake mpaka kona ya mbali.

Nikasema mzee, huku hakuna kitu.

"Wewe piga."

Nilitumia lenzi kubwa. Hakuwa na haraka, hakuna aliyekuwa anakuja nyuma yake. Alisimama kimya kama anayesikiliza. Nilivuta taratibu, nikaenda, nikarudi, mpaka nikaziona sharubu, halafu macho. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unamgusa upande mmoja. Gurudumu nililiangalia mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikapiga moja.

Nikamwonyesha kwenye kioo. Yeye mdogo upande wa kulia, amesimama kama pale langoni. Na ule ukuta mpana umelainika. Aliutazama ukuta zaidi kuliko alivyojitazama. Kisha akasema hii niifanye kubwa, iwekwe bomani, kila mtoto akija aione.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Hakunipa mkono. Alipokaa dirishani aliniuliza kama kuku hawajambo.

Jumatatu, 10 Septemba

Picha imerudi kutoka Tanga na basi la asubuhi. Imetoka vizuri. Ramadhani inakaribia, mjini kumetulia, wateja wachache. Mwanahawa aliifungua mezani, akaisifia sura ya mzee, akasema naona umekosea kupanga, umemweka pembeni, nusu nzima ya karatasi imepotea bure. Akachukua mkasi ili aisawazishe kabla ya kuifunga, apunguze ule upande mtupu.

Nilimshika mkono. Nikamwambia hapo ndipo ng'ombe walipo.

Akaiangalia tena, kwa muda. Akarudisha mkasi kwenye droo, akaenda kutafuta boksi refu zaidi.